Damu ya Saa Moja Asubuhi

Mwaka ule maabara yetu hapa Mpanda iliingia kwenye utafiti wa nguvu za kiume. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa damu wanaume waliojitokeza, kupima homoni na sukari, na kujaza dodoso. Damu ilitakiwa saa moja asubuhi, mtu hajala kitu, maana homoni ya kiume hushuka kadiri siku inavyosonga.

Mzee mmoja, mkulima wa Kasansa, alilala kwa ndugu yake mtaa wa Misunkumilo, hapa mjini, ili awahi. Alikuja na mkewe, ila alimwacha nje kwenye benchi. Mkono aliutoa bila shida. Nilipomuuliza mara ya mwisho kukutana na mkewe ilikuwa lini, akaangalia ukuta.

"Binti yangu, hakuna mwanaume hapa wa kuniuliza hayo?"

"Hayupo, baba. Niko peke yangu."

Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe taratibu, kisha akaigeuza karatasi nisiione. Baadaye, nilipokuwa naingiza majibu kwenye kompyuta, nikasoma: miaka miwili.

Homoni yake ilikuwa sawa. Sukari ndiyo ilikuwa juu, juu sana.

Siku ya majibu daktari wa utafiti alimwomba amwite mkewe ndani, naye akakubali kwa shingo upande. Daktari akawaeleza kwamba sukari ikikaa mwilini muda mrefu huharibu mishipa, na nguvu za mwanaume hupungua. Mzee akakiri amekunywa mizizi ya kila aina, akidhani amerogwa.

Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamgeukia mumewe.

"Kumbe ni sukari? Mimi nilijua una mtu Kibaoni."

"Kibaoni naenda kuuza mpunga."

"Miaka miwili nakufulia mashati huku nayanusa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Daktari akainamia mafaili yake. Mimi nikajifanya nabandika lebo kwenye vichupa ambavyo vilikuwa na lebo tayari. Mama alikuwa analia, lakini bila sauti, na mzee hakujua mikono yake aiweke wapi.

Alianza dawa. Miezi mitatu baadaye sukari ilikuwa imeshuka. Lile jambo lingine, alisema, linakuja na kuondoka. Kadi yake ya kliniki alikuwa ameishika mkewe. Walipomaliza wakaenda stendi kuwahi gari, nami nikamwita aliyefuata.