Mita Sitini Ambazo Clavery Hajui Alitia Nini

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba ya Kiruruma, Clavery Byarugaba anatumbukiza yai bichi kwenye pipa la maji. Yai linazama. Anaongeza chumvi kwa kopo, anakoroga kwa mti, anangoja. Safari hii yai linapanda na kutoa kichwa juu ya maji.

"Limeelea," anasema.

"Nimeona," anajibu Nshimiyimana, mchemsha lami, aliyesimama upande wa pili wa pipa amekunja mikono kama askari wa getini. "Haya, tia."

Clavery analiopoa yai, kisha anamwaga ndoo ya vipande vya plastiki, vyeusi na vya kijivu. Juzi vilikuwa televisheni za chogo, printa na ving'amuzi vilivyokufa. Baadhi vinaelea, vingine vinakwenda chini.

"Kinachoelea?" anauliza Nshimiyimana.

"Chetu."

"Kinachozama?"

"Si chetu."

Wanaulizana hivyo kila wanapojaza pipa, kila siku, watu wazima wawili wenye wajukuu. Wanaopita kwenda shambani huwacheka. Clavery hacheki. Ana miaka hamsini na mbili, na anasema bila maswali hayo asingejiamini tena hata kuchagua maharage.

Kazi yake ni kuchambua plastiki za vifaa vya umeme vilivyoharibika. Zikishachambuliwa zinaoshwa, zinaanikwa, zinakatwa chenga na kukorogwa kwenye lami ya moto. Mradi mdogo wa majaribio umekodi godauni la zamani la kahawa hapa Kiruruma, wilayani Karagwe, na unaweka lami mita mia nne za barabara inayopanda kilima. Mzigo unatoka kwa mafundi wa Kayanga, na mwingine unavuka kutoka Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Clavery analipwa shilingi elfu kumi kwa siku. Si nyingi, lakini kahawa huleta fedha mara moja tu kwa mwaka, na pipa linaleta kila Jumamosi.

Hakuwahi kufikiri kuwa takataka zile zina kazi. Alizaliwa Nyakakika, akaacha shule akiwa darasa la tano, akashika jembe.

"Redio ikifa kwetu, watoto wanatoa sumaku, ganda linatupwa mgombani," anasema. "Leo naambiwa ganda lilelile litabeba lori la kahawa. Nilimwambia injinia, mwanangu, mimi nitafanya, lakini kichwani hakijaingia."

Injinia mwenyewe ni Adela Hirwa, binti wa miaka ishirini na tisa anayemwita Clavery baba. Ndiye aliyemfundisha. Maganda hayafanani, alimweleza. Yapo yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia moto kiwandani, na ukiyachemsha yanatoa moshi mbaya. Hayo ni mazito kuliko wenzake. Kwenye maji matupu karibu yote yanazama, ndiyo maana inawekwa chumvi mpaka yai lielee. Kwenye maji hayo lililo safi linaelea, lenye dawa linazama.

"Ni rahisi, baba," alimwambia. "Cha juu chukua, cha chini weka kando. Kizuri kifunge kwa kamba ya buluu, kibaya kamba nyekundu."

Rahisi kwa nani? Huku kila mtu amekua akijua kinyume chake. Kahawa ikitoka shambani inatiwa kwenye maji, na zinazoelea ni mapepe, hazina kitu ndani, zinaondolewa. Maharage ni hivyohivyo. Clavery alianza kuyaondoa mapepe akiwa na miaka sita, amesimama kando ya ndoo ya mama yake. Kwa miaka arobaini na sita mikono yake imejua jambo moja: kinachoelea hakifai.

Siku kumi za kwanza Adela alisimama karibu naye, na kazi ilikwenda sawa. Kisha akaenda Bukoba kwa wiki mbili kushughulikia vipimo. Clavery akabaki na pipa lake, chujio lake na magunia.

Alhamisi ya wiki ya pili, Nshimiyimana alikuja godauni anapangusa macho.

"Lami ya leo inauma," alisema.

"Utakuwa umekunywa rubisi jana. Lami ni lami."

"Nimekunywa, ndiyo. Lakini rubisi haijawahi kunitoa machozi, labda ikiisha."

Wakacheka. Kesho yake Nshimiyimana alikohoa mpaka akakaa chini kwenye kokoto, na hakuna aliyecheka.

Jumamosi mchana Anatolia, mke wa Clavery, alileta ndizi na maharage kwenye kibakuli kilichofungwa kitambaa. Alimkuta mumewe anachota vipande vya juu kwa chujio na kuvitia kwenye gunia la kamba nyekundu. Akatazama kidogo; alishamsikia nyumbani akisema za juu ndizo nzuri.

"Baba Yustus, mbona hizo unazitupa?"

"Si zinaelea? Mapepe hayo."

Chujio likabaki hewani linachuruzika maji.

"Nilisikia mdomo wangu ukisema mapepe," anasimulia. "Plastiki haina mapepe. Nikatazama magunia. Nikatazama mikono. Nikamuuliza mke wangu, hivi nimefanya hivi tangu lini? Akanijibu, waitu, mume wangu, mimi si nimefika sasa hivi?"

Godauni lilikuwa na magunia arobaini na moja yenye kamba ya buluu. Mengine yalikuwa sawa, mengine yalikuwa kichwa chini miguu juu, na yote yalikuwa meupe, ya kilo hamsini, yamerundikwa pamoja. Yapi ni yapi, hakujua. Jumatatu asubuhi yangeanza kwenda kwenye mashine ya kukata, kisha kwenye pipa la Nshimiyimana. Na mita sitini za barabara zilikuwa zimeshawekwa wiki ileile, kwa magunia yaliyotoka humohumo.

Anatolia aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, chakula kikipoa.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Ukisema watakufukuza."

"Watanifukuza."

"Na usiposema?"

"Jumatatu Nshimiyimana atachemsha."

Anatolia alifungua simu yake, akampa mumewe, kwa sababu simu ya Clavery haikuwa na salio.

Mazungumzo yale Adela anayakumbuka mpaka leo. "Nikamwambia shikamoo baba. Akaitikia marahaba, halafu akasema, mwanangu, magunia yamegeuka. Nikamuuliza yamegeukaje. Akasema mazuri ni mabaya na mabaya ni mazuri, lakini si yote. Nikamuuliza tangu siku gani. Akasema, hapo ndipo sijui."

Adela alifika Jumapili mchana. Hakufoka, na hilo lilimtia Clavery hofu zaidi. Alisimamisha lami na kuagiza magunia yote, ya kamba ya buluu na ya nyekundu, yarudishwe kwenye maji ya chumvi, gunia moja baada ya jingine. Clavery alikunja suruali akaanza. Ilichukua siku tisa. Kati ya yale arobaini na moja, kumi na manane yalikuwa yamejaa vitu vya kuzama.

Nshimiyimana alipelekwa zahanati, akaambiwa akae mbali na moshi kwa wiki mbili. Wazazi wake walitoka Burundi wakalowea Kyerwa, naye amefanya vibarua vya kila namna, lakini kuchemsha lami ndiyo kazi anayoipenda. Aliporudi alikuwa na sharti moja.

"Sikumkasirikia," anasema. Anajirekebisha. "Nilimkasirikia, bwana. Mapafu ni yangu, mikono ni yake. Nikasema basi, macho yangu yatakaa kwenye mikono yake. Gunia nisilolishuhudia likitoka kwenye maji halikanyagi kwangu."

Ndipo yakaanza yale maswali ya asubuhi.

Clavery hakufukuzwa. Hajui kwa nini. Aliwahi kumuuliza Adela, akajibiwa kuwa mtu anayepiga simu Jumamosi bila kungoja Jumatatu si rahisi kumpata. Hakuelewa, lakini aliona si vizuri kuuliza mara ya pili.

Kinachomsumbua sasa ni zile mita sitini. Adela aliziwekea alama ya rangi nyeupe mwanzo na mwisho, zisipotee. Mvua za masika zikaja, malori ya kahawa yakaja, na wote wakangoja kuona aibu ya Clavery ikifunuka. Haikufunuka. Sehemu iliyowekwa kwa plastiki sahihi imepata ufa karibu na kalavati, unaingia kidole. Zile mita sitini hazina hata mkwaruzo.

Majirani hawajamwacha. "Clavery, watilie tena zile mbovu zako!" humpigia kelele Telesfori, mwenye duka la vifaa vya baiskeli kando ya barabara. "Wewe ndiye injinia, huyu binti anabahatisha tu!"

Clavery alimpelekea Adela jambo hilo, akitarajia kuambiwa neno moja la kushika.

"Mvua moja haisemi kitu, baba," Adela alimjibu. "Ufa ule unaweza kuwa wa maji ya kalavati. Na zile nzito sikuzikataa kwa kuogopa barabara itapasuka. Nilizikataa kwa ajili ya moshi, na kwa sababu sijui jua na mvua vitatoa nini humo baada ya miaka."

"Anasema sijui," Clavery anarudia, akitikisa kichwa. "Mtu mwenye digrii. Ningefurahi aniambie nimeharibu. Ningefurahi pia aniambie sikuharibu. Lakini sijui! Hiyo ninaiweka wapi?"

Vipande vitatu vya mviringo vimekatwa kwenye mita zile na kupelekwa kupimwa. Majibu hayajarudi. Matundu yamezibwa, lakini Clavery anayajua yalipo. Jioni akirudi nyumbani watu wote wanapita katikati ya lami, yeye akifika kwenye rangi nyeupe anashuka na kutembea kwenye majani, kisha anapanda tena mbele.

Nyumbani nako mambo hayakutulia. Mwezi wa sita, msimu wa kahawa, Anatolia alikwenda kanisani akamwachia mumewe ndoo za kahawa za kuosha. Aliporudi alikuta mapepe yameanikwa vizuri kwenye mkeka, na kahawa nzito imemwagwa kwenye shimo la takataka.

"Nilimwambia, Baba Yustus, chagua kazi moja," anasema Anatolia, akishindwa kuzuia kicheko. "Tangu siku hiyo hagusi ndoo yangu. Na mayai nayahesabu. Lile la asubuhi analirudisha, nakaanga."

Majibu yakiwa mazuri, mradi unakusudia kuweka pipa la pili Nkwenda, na Adela amemwomba Clavery akawafundishe wachambuzi wa huko. Anataka kwenda. Ameshapanga atakavyoanza: hatamweka mtu peke yake kwenye pipa, na mchemsha lami atasimama hapohapo, aulize. Ila hataki kuvuka kwenda Kyerwa kabla hajajua habari ya mita zake sitini.

"Wakisema ni mbaya, zitabanduliwa," anasema, akiinua chujio lililojaa. "Nitazibandua mimi, kwa sururu. Nimeshamwambia injinia asitafute mtu mwingine."

Na wakisema hazina tatizo?

Clavery anaacha maji yachuruzike yote. Anamtazama Nshimiyimana, kisha lile gunia la kamba ya buluu lililo wazi mbele yake, kisha anamimina polepole.

"Hapo," anasema, "ndipo sitaelewa kabisa."