Milimita Sita za Shavu

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Milimita amekuwa akitengeneza bunduki za klabu ya shabaha katika chumba kimoja nyuma ya duka la baiskeli. Mna jiliwa la kubania vyuma, taa, tupa zilizopangwa kwa ukubwa, na kiti kimoja cha mteja. Yeye husimama. Jina hilo alipewa na mkewe, anayekumbuka kwamba walipohamia nyumba yao mume aliupima mlango mara tatu kabla ya kuingiza kitanda, na kitanda kikakwama.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na minane aliyewahi kumfundisha hesabu. Amepiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa bunduki ya marisau tangu ujanani, lakini sasa kile kishanga cha shaba cha kulengea kwenye ncha ya mtutu kilikuwa ukungu mtupu. Jumamosi kulikuwa na mchujo: visahani kumi na nane kati ya ishirini na tano, au jina lake litoke kwenye timu. Nahodha, ambaye ni shemeji yake, alikuwa ameshamshauri apumzike, alee kuku.

Fundi alimfungia juu ya mtutu kilengeo cha kioo, kidogo kama kiberiti, chenye nukta nyekundu ndani. Kwa kuwa kilikaa juu kuliko kishanga, ilibidi shavu la mpigaji nalo lipande. Alimketisha mwalimu, akamwekea bunduki begani, akapima kutoka shavuni hadi kwenye kitako cha bunduki mara nne, kisha akagandisha mto wa mpira wa unene uleule. Mwalimu alitazama kioo na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Siku hiyo hakusema neno, jambo ambalo fundi alilichukua kuwa heshima kwa kazi yake.

Jumamosi, katika risasi za majaribio, mwalimu alikosa visahani vitano mfululizo.

“Shemeji,” nahodha alisema, “kuku wanakuulizia.”

Fundi alikagua skrubu. Zilikuwa imara. Mwalimu akamweleza kwa sauti ya chini kwamba nukta haipo; kioo ni cheupe tu. Fundi akachukua bunduki tupu, akalenga, akaiona nukta. Akamrudishia, akamwambia alenge, akasogea karibu na uso wake na rula mkononi. Shavu lilikuwa limejaa kuliko alivyoliacha, na lilikuwa limelisukuma jicho nje ya mstari. Alipima mara mbili. Milimita sita.

Akamuuliza, kwa adabu zote, kama amenenepa.

“Meno, mwanangu,” mwalimu alinong’ona. “Siku ile ya vipimo yalikuwa kwa daktari, yanarekebishwa.”

Fundi alikiri baadaye kwamba ameshapima mikono, mabega na shingo za watu wasiohesabika, na hajawahi kumuuliza mtu kuhusu meno. Mto ungeweza kupunguzwa, lakini ulihitaji kubanduliwa, kukatwa na kugandishwa upya, na gundi hukauka kwa siku nzima. Zamu ya mwalimu ilikuwa baada ya dakika sita. Nyuma yake walikaa wanachama arobaini, wengi wao wanafunzi wake wa zamani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona bila meno.

Mwalimu akageuka pembeni, akayatoa, akayafunga kwenye leso na kumkabidhi mtu aliyekuwa karibu zaidi, ambaye kwa bahati mbaya yake alikuwa nahodha.

Alipiga visahani ishirini na kimoja. Nahodha alihesabu akiwa ameishika leso mbali na mwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani, na zamu ilipokwisha akamsogelea haraka ili amrudishie. Mwalimu aliweka mikono nyuma.

“Andika jina kwanza,” alisema. Maneno yalitoka yakiwa laini, bila kingo, lakini hakuna aliyeomba ayarudie.

Nahodha akaandika.