Nilimlazimisha nguruwe wa mama mkwe kula lusina, lawama nikamtupia mke wangu

Wakuu, salamu kutoka Kalemie. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mengi yananiaibisha.

Mama mkwe alipokimbia vita Nyunzu alifika kwetu na vitu viwili tu: furushi la nguo na nguruwe jike mweusi wa kienyeji, kamba shingoni. Hali ilipotulia akarudi kwake, nguruwe akamwachia binti yake, yaani mke wangu, Mama Neema.

Yule nguruwe alikuwa anazurura, anakula maganda ya mihogo, matembele na mabaki ya dagaa. Alizaa vizuri tu.

Msimu wa kupanda ulipofika, majirani wakataka kila mtu afunge nguruwe wake wasifukue mashamba. Nikajenga banda. Hapo ndipo ujuaji wangu ulipoanza.

Nilikuwa nimeona video kuhusu majani ya jamii ya kunde, kwamba yana protini nyingi na ni lishe ya bure. Nyuma ya nyumba nina miti ya lusina, na mbuzi wa jirani wanayafakamia majani yake. Nikajiona mjanja. (Video sikuimaliza, bando liliisha katikati.)

Nikaanza kumpa lusina asubuhi na jioni, lusina tupu. Akanusa, akageuka. Siku tatu hakugusa.

Mke wangu akaniambia, "Papa Neema, huyu nguruwe iko na mimba. Wacha nimupatie hata matembele."

Nikamjibu kwamba njaa itamfundisha. Kesho yake nikamkuta anamrushia matembele kwa siri, nikamgombeza kama mtoto mdogo. Naandika hapa roho inaniuma.

Basi nguruwe akazidiwa na njaa, akala.

Wiki chache baadaye manyoya yakaanza kunyonyoka mgongoni. Nikasema ni utitiri, nikampaka oili chafu. Kisha akatupa mimba. Watoto tisa, wakuu. Mke wangu aliwazika mwenyewe, hata hakuniita.

Mama mkwe alipopata habari akapanda treni akaja.

Sasa, kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe wake uso kwa uso. Kwa hiyo nilisimama nikitazama banda, nikapaza sauti ili asikie: "Miye nilikataza matembele, lakini Mama Neema alikuwa anamupatia kwa kificho."

Mama mkwe akamgeukia binti yake. "Mutoto wangu, weye haujue kufuga." Akamfungua nguruwe, akaondoka naye. Mke wangu hakujitetea.

Siku kadhaa baadaye nikakutana na veterineri mmoja sokoni, nikamsimulia. Akashika kichwa.

"Papa, ile majani iko na sumu kwa nguruwe. Unamupatia kidogo tu, yenye kukauka, unachanganya na maganda ya muhogo. Mwenye mimba, unaacha kabisa."

Akanieleza kwamba tumbo la mbuzi linaimudu, la nguruwe hapana. Matembele hayakuwa na kosa lolote.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu yote, nikamwomba msamaha. Nikasema nitamletea nguruwe mwingine. Akaendelea kuchambua dagaa, halafu akasema, "Miye sijue kufuga, Papa Neema. Mama mwenyewe njo alisema."

Mpaka leo banda ni tupu.

Wafugaji wenzangu, sisemi majani ya jamii ya kunde ni mabaya. Ila ulizeni kwanza ni jani gani na kiasi gani, na mnyama akikataa chakula msimshindishe njaa. Na mwenzio akikuonya, msikilize. Mimi nilikuwa na mtu wa kunionya ndani ya nyumba yangu.

Nataka kwenda Nyunzu kusema ukweli. Kwa desturi, maneno yangu kwa mama mkwe hupitia kwa mke wangu, lakini sina uso wa kumtuma yeye akaseme kwamba mumewe alimsingizia. Lazima niseme kwa mdomo wangu.

Kama kuna mtu humu aliwahi kusimama mbele ya mama mkwe wake na kukiri kosa, naomba aniambie alianzaje.