Picha Ilionyesha Mifupa Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Eksirei alinivalisha aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, iliyonifika miguuni, kisha akabandika picha ya mgongo kwenye taa. "Binti, unaona nini?" Nikajibu kwa mbwembwe za chuoni, "Naona mgongo, mzee. Mzima kabisa." Alinikazia macho mpaka nikatamani ardhi inimeze. "Umeona mifupa. Ukisema tena kwamba mgongo ni mzima, utarudi kwenu milimani Malindi ukalime kabeji."

Nawaeleza nyie mnaosoma leo, maana hadi sasa wapo watu wazima wenye vyeo wasioelewa. Uti wa mgongo ni pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Kwa nje ni gegedu, nyuzinyuzi zilizozungushwa tabaka kwa tabaka. Ndani ni uteute mzito uliojaa maji. Diski ndiyo inayopokea kishindo unapobeba mzigo, ndiyo inayokuwezesha kuinama ukafunga kiatu. Mchana kutwa inagandamizwa na kupungua maji, ukilala inayanywa tena, na ndiyo sababu asubuhi unakuwa mrefu kidogo kuliko jioni. Sasa inama na gunia kila siku ya Mungu! Lile ganda linachanika kwa nyuma, uteute unasukumwa nje na kubana neva iendayo mguuni. Mtu anawaka moto kuanzia kiunoni hadi kidole gumba. Na mionzi ya eksirei inaipita diski kama haipo. Unachokiona kwenye picha ni mifupa na nafasi iliyo kati yake, basi.

Nilikaa miaka kadhaa upande wa Muheza chini ya mkuu yule, nikichanganya dawa za kusafishia filamu kwenye chumba cha giza hadi kucha zikawa za njano. Kisha nikahamia hospitali ndogo ya shamba la chai huku juu milimani. Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa mpole, mwanakwaya wa Kilutheri, na ripoti zangu alizisoma hadi nukta ya mwisho. Wakati huo shamba lilikuwa bado la umma.

Ikaja enzi ya ruksa na biashara huria. Shamba likauzwa, akaja Meneja mpya, na kazi yake ya kwanza ikawa kupunguza watu. Wagonjwa wa mgongo walimuudhi kuliko wadudu wa chai. Akatuletea muhuri wa mpira ulioandikwa HANA TATIZO. Kama picha haina mfupa uliovunjika, gonga, mtu arudi kwenye mzigo. Akikataa, aondoke, na nyumba ya kambi aiache. Jamani! Mtu ambaye hajawahi kuishika hata kaseti, kasha la filamu ya eksirei, anakuja kunifundisha mimi kusoma picha!

Festo alikuwa mpakiaji wa magunia kiwandani, mtu wa Njombe, baba wa watoto wanne. Alikuja akitembea upande. Kupima si kazi ya mpiga picha, lakini nilimlaza nikauinua mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika hata nusu, akapiga yowe. Nikamwambia ainue kidole gumba cha mguu huo. Hakikuinuka. Nikapiga picha, mifupa safi kabisa. Nikaandika: mifupa ni mizima, diski haionekani kwenye picha hii, dalili ni za neva kubanwa, asibebe mzigo, apelekwe hospitali ya rufaa.

Meneja akaja mwenyewe chumba cha picha, hata hodi hakupiga. Akaiinua filamu dirishani.

"Mifupa iko sawa?"

"Iko sawa, lakini diski..."

"Basi ni mvivu. Gonga."

Nikamtazama Mganga Mfawidhi aliyesimama nyuma yake. Akainamisha kichwa. "Dada, gonga tu. Wasije wakatufungia hospitali yote."

Nikagonga. Hasira na yule Meneja ninayo hadi leo, wala siombi initoke, lakini aliyegonga ni mimi.

Festo akarudi kwenye magunia. Adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Sisi wengine tulikuwa tunakunywa chai. Siku ya tisa alianguka ghalani, miguu yote miwili ikafa ganzi, mkojo ukawa unatoka wenyewe. Uteute ulikuwa umezibana neva zote za chini kwa mpigo. Hali hiyo inataka upasuaji haraka, hata kesho ni mbali. Gari la shamba lilikuwa Tanga na Meneja, likarudi baada ya siku mbili. Alipofika kwa wapasuaji, neva zilikuwa zimeshakufa.

Nimestaafu sasa. Zipo mashine zinazoipiga picha diski yenyewe, na nashukuru. Lakini bado nasikia wagonjwa wakiambiwa "picha yako safi, nenda nyumbani," na damu inanichemka upya.

Wiki niliyostaafu nilikwenda Magoma, ambako Festo alikuwa amepanga chumba na familia yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imefunikwa kitenge. Hakunilaumu. Alisema, "Mama, nakuomba umweleze mke wangu. Yeye anajua niliumia siku ya kuanguka. Zile siku za nyuma anaamini nilikuwa nadeka."

Mkewe alikuwa nje anamenya viazi. Nikakaa kando yake nikamweleza yote: pingili, diski, neva, na kwa nini picha haikuonyesha kitu. Kisu kikasimama.

"Kwa hiyo siku zile alikuwa anaumwa kweli?"

"Alikuwa anaumwa kweli."

Akakiweka kisu chini. Kisha akasema, "Asubuhi ya siku aliyoanguka aligoma kuamka. Mimi ndiye niliyemvuta miguu kitandani. Nikamwambia, hata yule mama wa picha amesema huna tatizo."