Mama Alitualika Hoteli ya Kithai

Mama alinipigia simu Ijumaa, kabla jua halijatua na Sabato kuanza, akaniambia Jumapili nije tule chakula cha mchana mjini, mimi na kaka yangu. Nilidhani nimesikia vibaya. Mama ni mkulima wa majani chai kule Nyamira, na sikuwa nimewahi kumwona akinunua chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Akija Kisii hubeba ndizi za kuchemsha kwenye mfuko wake, azile kando ya barabara kabla hajapanda gari la kurudi.

"Tukule wapi, Mama?"

"Kwa hao Wathai."

Nilipajua. Kwa kuwa nafanya kazi kwenye duka la dawa mtaa wa pili, nilikuwa nimekula pale mara kadhaa. Ni chumba kimoja juu ya duka la simu, chenye meza chache, madirisha yanayotazama barabara kuu, na harufu ya mchaichai inayokupokea ukiwa bado kwenye ngazi. Mwenyewe si Mthai. Ni mwanamke wa kwetu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye jiko la hoteli moja huko nchi za Ghuba, akafundishwa na wapishi wa Kithai, kisha akarudi na kufungua biashara yake. Wateja wake ni watu wa benki, wauguzi na vijana wa chuo. Watu wa kanisa la Mama hawafiki. Baadaye nilielewa kwamba ndiyo sababu alipachagua.

Nilipofika Mama alikuwa ameshaketi, amevaa rinda lake la kanisani la rangi ya samawati. Kando yake alikuwa mwanamume wa makamo yake, mwembamba, shati limepigwa pasi vizuri sana. Alisimama nilipokaribia. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, na kwenye mikunjo ya vidole kulikuwa na unga mweupe ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa.

"Huyu ni rafiki yangu," Mama akasema. "Anatoka Tabaka. Anachonga mawe."

Niliketi. Baba yetu alifariki nikiwa bado chuoni, na tangu siku hiyo sikuwa nimemsikia Mama akimwita mwanamume yeyote rafiki. Nilishika menyu nikaisoma kama mtu anayesomea mtihani, na sikuona hata neno moja.

Mwenye hoteli alikuja mwenyewe mezani. "Mama, chako sijatia sosi ya chaza wala uduvi," akasema. "Nimekutengenezea kama siku ile."

Siku ile. Mama alikunja kitambaa cha mezani mara mbili bila kunitazama. Yeye ni Msabato, hali mnyama wa baharini asiye na magamba, na hapa mwenye hoteli alikuwa anajua hivyo. Basi alikuwa amekuja hapa kabla, akaketi, akaeleza anachokula na asichokula, na sisi watoto wake hatukujua lolote.

Kaka yangu alifika akiwa na ufunguo wa pikapu mkononi. Ana duka la vifaa vya ujenzi Masimba na hata Jumapili huwa na haraka. Alimwona yule mzee kabla hajamwona Mama, akasimama palepale katikati ya meza za watu. Mzee aliinuka tena, akamsalimu kwa Kikisii, polepole na kwa heshima, kama unavyomsalimu mwenye boma ukiwa umebisha kwake.

Kaka akajibu kwa Kiswahili. "Habari yako, mzee."

Kwetu Kiswahili ni cha mjini, cha ofisini, cha kuongea na mtu ambaye hujui ametoka wapi. Nyumbani hatujawahi kukitumia. Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Mzee naye akageuza: "Nzuri, kijana wangu. Karibu." Kuanzia hapo tuliongea Kiswahili meza nzima, hata Mama, ambaye chake ni cha kuuzia ndizi soko la Daraja Mbili.

Supu ililetwa, nyekundu, inayochoma kwa pilipili na ndimu. Kisha wali, mchuzi wa kijani wa tui la nazi, na tambi za mchele zilizonyunyiziwa karanga za kusaga. Mama aliinamisha kichwa akaomba. Mzee, ambaye ni Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba. Nilimwona kaka akiufuata ule mkono kwa macho kutoka kwenye paji la uso hadi begani.

Tulikula. Au tuseme wao wawili walikula. Mama alizungusha tambi kwenye uma kwa ustadi ambao mimi sina hadi leo.

"Mama, tumeitwa," kaka akasema hatimaye. "Sema."

Mama aliweka uma chini. "Hii maneno nimefikiria sana. Mimi nataka kuolewa."

Nje pikipiki zilipiga honi. Meza ya jirani mtu alicheka jambo lake. Kaka alimtazama Mama, akanitazama mimi, kama kwamba nilijua nikamficha.

"Uolewe. Na nyumba ya Baba?"

"Nyumba iko. Majani chai iko. Wewe ndio kijana wa hiyo boma, chunga."

"Na wazee nitawaambia nini? Kanisani nitawaambia nini?"

"Kanisani nitasema mwenyewe. Mdomo niko nayo."

"Mama," nikaanza, lakini kaka aliniinulia kiganja. Sauti yake ilikuwa chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwa sababu kaka yangu akikasirika kidogo hupiga kelele.

"Nakuuliza kitu kimoja tu. Utazikwa wapi?"

Kwetu hilo si swali la kuulizwa mezani. Mjane hubaki mke wa boma la marehemu, na kaburi lake linajulikana lilipo, kando ya la mume. Nafasi ya Mama iko pale, chini ya migomba, na kila Krismasi tunapofyeka nyasi hakuna anayeitaja wala anayeikanyaga.

Mama alimkazia macho. "Mimi nimekuja kula," akasema. "Wewe unanizika."

Kaka aligonga bakuli la supu kwa ufunguo. Nilidhani atapindua meza. Mzee alipangusa midomo yake, akaweka mikono yote miwili juu ya meza ambapo tungeweza kuiona.

"Kijana wangu, hiyo tulishaongea, mimi na yeye. Akitangulia, nitamleta kwa baba yenu mimi mwenyewe. Sitabishana na mtu. Na mimi nikitangulia, niko na marehemu mke wangu pale Tabaka, ananingoja. Tunachotaka ni hii miaka iliyo hapa katikati."

Kaka alisimama. Kiti chake kiliburutika sakafuni kwa mlio ambao uligeuza vichwa vyote. Akashuka ngazi bila kuaga.

Nilimfuata, nikamkuta kando ya pikapu, ameegemea mlango, uso ameugeuzia barabara. Nilitarajia matusi. Alichosema ni, "Ulimwona alivyokuwa anakula?"

"Nilimwona."

"Nyumbani hali hivyo. Kila nikienda ananipa chakula, yeye anakaa na kikombe cha chai." Alivuta pumzi kama mtu aliyekimbia. "Nilidhani ni uzee."

Nilimwomba arudi juu. Alitikisa kichwa, akaingia garini, na sikumwona tena kwa wiki nyingi. Niliporudi mezani Mama alikuwa amevuta sahani ya kaka mbele yake na anaimaliza, machozi yakimtiririka. Mzee alinisogezea kiti. "Ni pilipili," Mama akasema.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Baba mdogo alikuja dukani kwangu kuniuliza kama Mama amerogwa. Wanawake wawili wa kanisa walikwenda kumwombea, wakakaa siku nzima, na Mama akawapikia obokima, yaani ugali, na mboga za chinsaga, akawasindikiza hadi barabarani, akabaki na uamuzi wake. Kila simu ya kaka iliyoita niliogopa kuipokea. Alikuwa akiuliza kitu kimoja tu, kama Mama bado ameshikilia, nami nikimjibu ndiyo, anakata.

Mama na mzee waliandikisha ndoa serikalini asubuhi moja ya mvua. Mimi nilikuwa shahidi. Kaka hakuja. Lakini siku ya kuhama, nilipokuwa nimesimama Nyamira na Mama nikitafuta kwa simu gari la kukodi, niliisikia ile pikapu ikipanda kilima. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akaanza kupakia bila salamu. Masanduku, sufuria, cherehani, kitanda. Mama aliketi mbele kando ya mlango, mimi nikakaa katikati, na kaka akatuendesha hadi Tabaka.

Mzee alikuwa langoni. Kitanda kilikuwa cha mti mzito, hakibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo walilazimika kukishika, mmoja huku na mwingine kule.

"Inua kidogo upande wako," kaka akasema. "Taratibu. Kuna ngazi hapo nyuma."

"Nimeiona," mzee akajibu.

Walikiingiza. Kaka alikataa chai, akakubali maji, akayanywa akiwa amesimama nje. Aliangalia mlango, bawaba yake moja imelegea, akasema ataleta skrubu. Kisha akaondoka. Nilikaa pale uani nikisikiliza ndani: Mama alitaka kitanda kiwe chini ya dirisha, mzee akisema mvua hupenya upande ule, na Mama akimwambia basi mvua ipenye, yeye anataka kuona nje.