Choo cha Safari na Koti la Guka

Mume wangu ni mtu wa Kileleshwa, ghorofa ya nne. Balbu ikiungua, humpigia simu keyateka wa jengo. Panya akionekana jikoni, yeye huonekana kwenye ngazi. Huyu ndiye aliyetangaza kwamba familia nzima itaenda Naivasha kulala kwenye hema, kwa mara ya kwanza, ili watoto wa mjini waonje maisha ya porini. Watoto wenyewe ni mmoja.

Hema aliazima kwa mwenzake wa kazini. Vilivyobaki alivifuata madukani Adams Arcade, na kila jioni nikapokea mlangoni kitu kipya cha kuokoa maisha yetu. Zilikuja taa za kufunga kichwani, tukakaa nazo sebuleni stima ikiwaka. Vikaja viti vya kukunja vyenye tundu la kikombe, maana porini mikono haifanyi kazi. Mwisho kikaja choo. Choo cha plastiki, cha kubebeka, pamoja na kihema chake chenye zipu.

"Kwani huko hakuna choo?" nikauliza.

"Kiko. Lakini you never know."

Mtu aliyekwisha kununua choo habishaniwi.

Binti yetu alitaka kitu kimoja tu: shosho yake aje. Tulimwonea mtoto huruma. Mama mkwe wangu anaishi Kinoo, na tangu tumzike mumewe, guka wa mtoto, hakuwa amelala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja. Krismasi tulimbembeleza, akasema kuku watalala njaa. Pasaka tukambembeleza tena, kuku bado walikuwa na njaa. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba mama wa watu atafifia mle ndani peke yake, nasi tukimtumia salamu. Mtoto akampigia kwa simu yangu, wakanong'onezana, na sisi wala hatukuuliza. Tulikuwa na kazi ya kupakia.

Jumamosi asubuhi buti ilijaa, keria ya juu ikajaa, na kiti cha nyuma choo kikapewa dirisha. Mtoto alibanwa kati ya choo na jiko la gesi, mfuko wa mchele mapajani. Tulikuwa tunaenda kulala siku mbili.

Sasa, kijana aliyezaliwa Kinoo hawezi kupita Waiyaki Way akiwa safarini bila kusimama kwa mamake aombewe. Tukasimama. Mimi nilitarajia maombi marefu na chupa ya uji. Tulimkuta langoni, amevaa viatu vya kanisani na kitambaa kipya kichwani, begi kubwa miguuni. Kuku walikuwa wameshapelekwa kwa jirani.

"Nimeambiwa kuna nafasi," akasema.

"Iko, Shosho!" mtoto akajibu kutoka nyuma ya mchele.

Mume wangu alilizunguka gari kana kwamba nafasi ingejitokeza upande wa pili. "Mami, si ungetuambia mapema? Gari imejaa kabisa. Labda next time."

"Ni sawa tu. Nyinyi endeni." Akainama kuchukua begi lake, na nikajua kwamba akirudi ndani safari hii, hatutamtoa tena. Nilitamani kumkanyaga mume wangu mguu.

Yeye, kwa kutaka kusaidia, akaliwahi begi. "Na hii yote umebeba nini, Mami?" akauliza mwenye choo, akafungua zipu.

Mlikuwa na Biblia, mswaki, na koti la guka, lile zito jeusi alilokuwa akivaa alfajiri akienda kukamua ng'ombe. Hapakuwa na kingine.

"Mtoto amesema huko kuna baridi," mama akasema. Kisha, akilitazama koti: "Baba yako alikuwa ananiambia kila mwaka, tutaenda Naivasha, tutaenda Naivasha. Nikasema sasa nimpeleke mimi."

Mume wangu aligeukia gari. Alifungua mlango wa nyuma, akakumbatia choo chake, akakibeba hadi sebuleni kwa mamake. Akarudi akachukua viti. Akarudi akachukua jiko. Alikuwa akilia waziwazi, na mimi, niliyekuwa na maneno mengi juu ya kila kitu tangu Adams Arcade, nikachukua mfuko wa mchele, nikamfuata.

Mama mkwe akafunga nyumba, akaingia, akakaa pale dirishani. Akaliweka koti mapajani, akavuta mkanda, akajifunga pamoja nalo.