Gari la Kwanza la Kirezi

Gatsata, mtaa wa magereji, hakuna mwenye akili anayenunua gari bila Rugamba. Panda pale juu ya stendi ya Nyabugogo, ulizia fundi anayesikiliza injini huku amefumba macho, hata muuza maziwa atakuonyesha lango la gereji yake. Ukitaka gari unamtanguliza yeye kwa muuzaji, na wewe unakaa nyuma kimya. Atalala chini ya gari na ovaroli yake, atagonga hapa, atanusa pale, halafu atatoka akijipangusa mikono na kusema neno moja: "Hapana." Basi muuzaji moyo unamtumbukia. Mara chache sana husema, "Twende tukalizungushe," na hapo mnunuzi hujua kwamba amepata gari.

Ana sheria moja, na kwa sheria hiyo hana masihara hata na mkubwa wa ofisi: mnunuzi asiguse usukani kabla fundi hajamaliza kazi. Mtu akishakaa kwenye kiti, akashika usukani, akajitazama kwenye kioo, ndiyo basi tena, ameshapenda. Utamwambia injini inavuja, atakujibu kiti ni laini. Sheria hiyo imeokoa watu wengi na mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni siku alipoibeba akaipeleka nyumbani.

Maana Rugamba ameoa. Alifika umri wa miaka arobaini na minne bado anapika ugali wake mwenyewe, tangu wazazi wake waliporudi naye kutoka Karagwe, mpaka watu wa gereji wakamzoea hivyo. Mwezi wa kwanza mwaka huu akamwoa Winifred, mwalimu wa shule ya msingi, mjane aliyekulia Mbarara, mwenye nyumba yake safi Kagugu na binti mmoja anayeitwa Kirezi. Na kwa kuwa nyumba ilikuwepo tayari, ni Rugamba aliyehamia, na masanduku mawili na boksi la spana. Watu walisema wee, eti mwanamume anaolewa! Yeye hakujali maneno ya watu. Lililomkosesha usingizi lilikuwa dogo, la miaka mitano na nusu, lenye nywele za vifundo viwili.

Kirezi hakuwa na adabu mbaya, la. Aliamkia vizuri, alisema asante. Ila ukimuuliza yule ni nani, alijibu "mgeni." "Mama, mgeni anataka chai." "Mama, viatu vya mgeni viko njiani." Na jioni moja, pale mezani kabisa, kwa sauti tamu ya mtoto anayetaka tu kujua: "Mama, mgeni anaondoka lini?" Winifred alitamani ardhi ipasuke. Rugamba alicheka, akasema bado yupoyupo kidogo. Kisha akaenda uani akasimama peke yake karibu na tangi la maji, na aliporudi chai ilikuwa imeshapoa. Alikuwa anampenda yule mtoto, hilo ndilo lililomsumbua. Miezi mitano alikuwa anangoja mtoto amfungulie mlango, na mlango haukufunguliwa hata ufa.

Basi siku zikakaribia za Kirezi kutimiza sita. Mama yake akamuuliza anataka zawadi gani.

"Gari," akasema mtoto. "La rimoti. La kuendesha mwenyewe."

Rugamba alikuwa jikoni anasuuza kikombe, nusura kimponyoke. Gari! Angeweza kutaka mwanasesere, angeweza kutaka viatu vya kumetameta, vitu ambavyo yeye hajui hata vinauzwa wapi. Ametaka gari! Akatoka jikoni povu la sabuni likimtiririka mpaka kwenye viwiko.

"Hilo niachieni mimi," akasema.

"Si umchukue mwenyewe akachague?" Winifred akauliza baadaye, mtoto alipokwisha kuondoka.

"Mke wangu, mnunuzi hagusi usukani."

"Rugamba, ni gari la plastiki."

"Gari ni gari," akasema, na Winifred akamwacha. Mwalimu anajua wakati wa kumwacha mtu akosee.

Jumanne akaingia mjini, kwenye duka la Raihana. Huyu Raihana ni mama wa makamo, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara, Kiswahili chake si cha kuokota njiani kama chetu, ni cha nyumbani kwao, alichoachiwa na babu aliyekuja zamani kuuza vitambaa. Duka lake lina midoli mpaka darini, na ulimi wake hauna breki.

"Karibu fundi! Leo nani kaharibikiwa?"

"Leo nanunua, Dada Raihana."

"Ala! Basi dunia imekwisha."

Rugamba akavuta kiti, akatoa bisibisi yake mfukoni, akaanza. Nakwambia hakuna kigari kilichopona siku ile. Alivipindua kimoja kimoja, akavisikiliza, akavinusa. Kimoja kilikuwa na giya laini kama ganda la ndizi: hapana. Kingine kilitumia betri za kutupa, ambazo mtoto angezimaliza kabla ya chakula cha mchana: hapana. Kingine antena yake ilikuwa inacheza: hapana. Raihana alikuwa anakunywa chai ya tangawizi na kumtazama kama anatazama sinema.

Mwisho akalifikia dume lenyewe. Gari kubwa jeusi, magurudumu mapana, springi za chuma cha kweli, betri ya kuchaji, rimoti ya kushika kama bomba la kupigia rangi. Rugamba alilipindua akalisikiliza. Akaligonga akatabasamu. Akasema ile sentensi yake: "Twende tukalizungushe."

Alilizungusha barazani mbele ya maduka. Akabonyeza kidogo tu. Gari likafyatuka, likapita kati ya miguu ya wateja, likaingia kwa Melchior, fundi cherehani wa mkabala, likazunguka chini ya meza na kutoka na lesi ya bibi harusi mmoja imejiviringisha kwenye gurudumu. Melchior alipiga ukelele mpaka akina mama wakashika vifua. Rugamba alikuwa anacheka machozi yanamtoka, anaomba radhi na kucheka, anafungua lesi na kucheka.

"Hili!" akasema. "Nifungie hili!"

Raihana hakuinuka. "Ataliendesha nani?"

"Mtoto. Anatimiza sita."

"Hilo gari umejichagulia wewe, baba. Haya, nionyeshe mkono wake."

"Mkono wa nani?"

"Wa dereva! Rimoti hii ni ya mkono wa mwanamume. Kidole chake kitafika hapa? Mkono wake una ukubwa gani? Nionyeshe kwa wako."

Rugamba akainua kiganja. Akakikunja kidogo. Akakikunjua tena. Akakikunja zaidi, kama mtu anayekisia ukubwa wa samaki aliyemponyoka.

"Hujui," akasema Raihana.

"Sijui."

"Hujapata kumshika mkono?"

Na huyu ndiye mtu anayekujulisha kilomita za gari kwa kulinusa tu! Akamtazama Melchior kana kwamba angemsaidia. Hakupata kumshika mkono hata siku moja. Wakivuka barabara, Kirezi hutembea upande wa pili wa mama yake. Iliuma, na Raihana aliona kwamba imeuma, kwa hiyo aliposema tena alishusha sauti.

"Kamlete dereva, fundi."

"Dada, mimi nina sheria yangu..."

"Sheria yako ni ya watu wanaokwenda kuuziwa mikweche. Mimi nauza mikweche?"

Jioni ile Rugamba alijaribu ujanja. Alimletea Kirezi glavu ya gereji, mpya kabisa, ajaribu kuivaa, aone vidole vinafika wapi. Kirezi akainusa kwa mbali. "Inanuka oili," akasema, akairudisha mezani kwa adabu zote. Alimwekea unga wa chapati aukande, akitumaini ataacha alama ya kiganja, mtoto akaukanda kwa ngumi. Winifred alikuwa anasahihisha madaftari pale pale, akiuma midomo asicheke.

Kesho yake fundi alikata shauri. Alimkuta Kirezi kwenye ngazi za mbele anakula karanga, akakaa ngazi ya chini yake, wakawa sawa kwa kimo.

"Kirezi, nimeshindwa."

Mtoto akaacha kutafuna. "Umeshindwa nini?"

Tafadhali elewa, lile lilikuwa swali la kwanza alilopata kumuuliza yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mama. Rugamba alishika ukingo wa ngazi.

"Kukuchagulia gari. Nimeyakagua yote. Sijui lipi linakufaa wewe."

"Wewe si ndiye fundi?"

"Fundi anajua gari. Dereva simjui."

Kirezi akaitazama mikono yake, juu na chini, ina chumvi ya karanga. Akafikiri muda mrefu kuliko wanavyofikiri watu wengi wanaonunua magari ya kweli. "Basi twende," akasema. "Na mama aje." Lakini Jumamosi ilipofika, mama, ajabu, alikuwa na madaftari mengi mno.

Dukani Kirezi hakushangilia wala kurukaruka. Alipita safu ya rimoti akizishika moja moja kwa mikono miwili. Lile dume jeusi alilijaribu mara moja, likapiga ukuta, akalirudisha. Akasimama kwenye rafu ya chini kabisa, mbele ya kigari kifupi cha kijani, kinene, kimezungushiwa mpira pembeni mwote, rimoti yake ina vitufe vinne vya duara. Akakiendesha. Kikaenda mbele polepole, kikapinda, kikarudi.

Rugamba alijizuia kadiri alivyoweza, kisha ufundi ukamshinda. "Kirezi, hili halina mwendo."

"Naona," akasema Kirezi. "Lile jeusi linakimbia kabla sijafikiri. Hili linanisubiri."

Miaka ishirini Rugamba anawachagulia watu magari, hakupata kusikia mnunuzi akitoa sababu nzuri kama ile. Akalala chini palepale sakafuni, akakipindua kigari, akazungusha magurudumu. "La nyuma kulia linakwaruza kidogo," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Weka sikio."

Mtoto akalala tumbo chini kando yake na gauni lake la Jumamosi, akaweka sikio, akasikia, macho yakamtoka. Rugamba akampa bisibisi, akamwelekeza, robo mzunguko tu, usizidishe. Wateja wakawa wanawaruka. Melchior alitoka nje ya kibanda chake, ameificha lesi kwapani kwa usalama.

"Nilikuwa na mwehu mmoja," akasema Raihana, "sasa ni wawili. Toeni nafasi, watu wapite!"

Kurudi nyumbani Kirezi hakumpa boksi alibebe. Alilikumbatia kwa mikono yote miwili, hivyo hata hamu ya Rugamba ya kumshika mkono wakati wa kuvuka ikabaki hamu. Rugamba alisimama katikati ya barabara, akayasimamisha magari kwa mikono yake mwenyewe kama askari wa usalama barabarani, na mtoto akapita kwa madaha. Moyoni akajiambia polepole, Rugamba, polepole.

Kesho yake ilikuwa ile Jumapili ya bila magari, barabara kubwa zinapofungwa asubuhi ili watu wakimbie, waendeshe baiskeli na kutoa jasho. Kwa kawaida Rugamba huichukulia kama siku ya msiba. Safari hii aliamka wa kwanza, akatoa betri kwenye chaji. Winifred alivaa raba zake akatangulia mbio na walimu wenzake, akawaacha wawili wale nyuma na kigari cha kijani katikati ya lami, pana, nyeusi, tupu.

Kigari kilikuwa kinakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Wakimbiaji walikipisha. Mzee mmoja alikipigia saluti. Kirezi alikuwa amekaza uso, ulimi nje pembeni ya mdomo, na Rugamba alitembea hatua moja nyuma yake, mikono mgongoni, asimwambie chochote, na kumbe hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizopata kufanya.

Kwenye makutano, askari mmoja mwanamke alisimama mbele ya kigari, akanyoosha mkono. Kirezi akabonyeza. Kikasimama hapo hapo.

"Dereva," akasema afande, uso mkavu kabisa, "leo magari hayapiti. Hukupata habari?"

Kirezi akarudi nyuma hatua moja, mpaka mgongo wake ukagusa magoti ya Rugamba, akabaki hapo hapo.

"Lina breki," akasema kwa sauti ndogo. "Tumelikagua."

"Mmelikagua na nani?"

"Na huyu."

"Huyu nani? Baba yako?"

Rugamba hakutaka mtoto aulizwe hivyo, na alikuwa karibu kufungua kinywa amwokoe, aseme lolote, aseme yeye ni jirani tu. Kirezi akageuza shingo, akamtazama kutoka chini mpaka juu, taratibu, bila kupendelea, jinsi mtu anavyolitazama gari ambalo atakaa nalo muda mrefu.

"Huyu ni wa kwetu," akasema.

Afande akapiga saluti, akapisha. Kigari kikaondoka na dereva wake nyuma. Rugamba hakuondoka. Alikuwa amechutama katikati ya lami, anajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kiatu alichovaa hakina kamba. Alikuwa analia, mwanamume mzima, hadharani, na akijaribu kunibishia nitamletea afande awe shahidi.

"Wewe!" Kirezi akaita kutoka mbele, bila kugeuka. "Njoo, tunakuacha!"